Siku mbili Mombasa: panga mlo kwa saa, si kwa jina la hoteli

Swali: Msomaji wa Nakuru ameniandikia hivi. "Dada, Agosti shule zikifungwa tutashuka Mombasa na treni ya asubuhi siku ya Ijumaa, turudi Jumapili na treni ya alasiri. Tuko wanne: mimi, mke wangu, mama yangu ambaye ana sukari, na kijana wetu wa miaka saba. Tumekodi nyumba Nyali. Nimesoma mtandaoni mpaka kichwa kinaniuma, kila mtu ana orodha yake ya hoteli bora. Tunataka chakula cha Waswahili wenyewe, bila kulanguliwa na bila mtu kuugua tumbo. Mke wangu naye anatamani mara moja tu tukae mahali pa kuvaa vizuri. Twende wapi?"

Jibu:

Kaka, karibuni Mombasa. Hizo orodha ziweke kando kwanza, maana zina upungufu mmoja unaowaponza wageni wengi: zinataja mahali, hazitaji saa. Chakula cha Mji wa Kale kinakwenda na saa. Baraza ya nyumba ambayo saa moja asubuhi imekaliwa na mama mwenye beseni la mahamri, saa nne utaikuta tupu, na baada ya alasiri atakuwapo mwingine kabisa na karai lake la viazi. Mgeni anafika mahali penye sifa saa kumi jioni, anaagiza biriani, analetewa iliyobaki mchana ikiwa imepashwa moto, halafu anakwenda kuandika kwamba biriani ya Mombasa haina lolote. Angeila saa saba angeandika mengine.

Sababu zenyewe ziko jikoni. Unga wa mahamri hukandwa usiku kwa tui la nazi, hamira na iliki, ukalala ukiumuka, na mahamri yakatumbukizwa kwenye mafuta alfajiri. Saa tatu ikipita yameshapoa na kuanza kuwa magumu. Pilau na biriani huwekwa kwenye sufuria kubwa mara moja kwa siku, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na huiva kuelekea adhuhuri. Sufuria likiisha hakuna anayeanza jingine. Vyakula vya tui navyo havina subira, kwani kwa joto letu tui huchacha upesi, na mpishi anayejiheshimu hupika kiasi anachojua kitakwisha siku hiyo. Ama vile vya jioni, yaani bajia, viazi karai, katlesi na sambusa, vinatoka baada ya swala ya alasiri kwa sababu wengi wanaovipika ni akina mama ambao mchana wana jiko la nyumbani kwao la kushughulikia, na wateja wao ni watoto wanaotoka chuoni, yaani madrasa, na watu wanaotoka kazini.

Kwa hiyo usiniulize uende hoteli gani kabla hatujajua utakuwa na njaa saa ngapi. Nyinyi mna Ijumaa jioni, Jumamosi nzima, na Jumapili asubuhi. Tuzijaze hizo.

Treni inayotoka Nairobi saa mbili asubuhi hufika Miritini, kwenye stesheni ya Mombasa, karibu saa nane mchana. Kutoka hapo mpaka Nyali kwa msongamano wa Ijumaa, mkabidhiwe funguo na kuoga, itakuwa alasiri. Biriani ya Ijumaa, siku ambayo nyumba nyingi za huku hujitahidi kuliko siku zote, itakuwa imewapita. Msiikimbilie. Kuleni kitu cha kutosha ndani ya treni, mama hasa, nitaeleza sababu mbele. Kisha saa kumi na nusu hivi pandeni tuktuk mwende Mama Ngina, ule ufukwe unaotazama mlango wa bandari ya Kilindini. Pametengenezwa upya mwaka 2019, pana njia nzuri ya miguu, viti na mibuyu ya kale, na meli za makontena hupita karibu sana na watu. Kijana wenu hatataka kuondoka.

Hapo mlo ni muhogo. Kuna wa kuchoma, kuna wa kukaanga vipande vinene, na kuna krispi nyembamba ambazo muuzaji anazikwangua na kuzitosa kwenye mafuta mbele yako. Zote hunyunyiziwa chumvi na pilipili, zikakamuliwa ndimu. Chagueni zinazotoka karaini wakati huo huo. Zilizofungwa mapema kwenye mifuko hazina maana ya kuzila mkiwa Mombasa penyewe. Dafu mwambie muuzaji kama unataka la maji matupu au lenye nyama laini ndani, naye atagonga na kukuchagulia. Ijumaa ni siku nzuri ya kwenda, kwa sababu Jumamosi na Jumapili jioni watu hujaa mpaka pa kukaa hapapatikani.

Giza likiingia rudini mjini, barabara ya Makadara, kwenye mkahawa wa Tarboush. Ni mahali pa kelele na pa haraka, na mimi huwapeleka wageni pale usiku wa kwanza kwa makusudi, kwani chakula chake ni cha usiku hasa. Agizeni mkate wa mayai: unga uliotandazwa mpaka unaona mkono upande wa pili, ndani nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukakunjwa mraba na kukaangwa kwenye chuma. Mmoja hukatwa vipande, mkaweza kugawana. Ongezeni kuku wa tika na mishikaki, na ukwaju wa kuchovya. Vileo hapo hakuna, na karibu mikahawa yote ya Waswahili haina. Kama kuna anayehitaji bia yake, akae nayo Nyali.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe, na inaanza mapema kuliko mnavyopenda mkiwa likizoni. Saa moja na nusu muwe mmeshavuka daraja la Nyali na mko Kibokoni, katika Mji wa Kale. Tembeeni polepole na fuateni watu waliobeba vyombo: mtoto aliyetumwa na bakuli la mbaazi anakuonyesha njia vizuri kuliko ramani ya simu. Mlo wa asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Hamri zuri likivunjwa lina uwazi ndani na harufu ya iliki. Likiwa limejaa unga ndani kama andazi la kawaida, mkandaji aliharakisha. Mbaazi nazo ziwe zimeiva mpaka zinaanza kupasuka, na tui limekaushwa likawa zito, halichuruziki. Mkikuta vitumbua vya mchele au mikate ya maji, onjeni. Wengi wa wauzaji hawa hawana jina mlangoni wala hawako mtandaoni. Salimuni kwanza, ulizeni bei, kisha mkae. Salamu hapa hufungua mambo, na mtu anayekuja moja kwa moja na "nipatie" huhudumiwa, lakini haambiwi kwamba kuna vibibi vinavyotoka sasa hivi jikoni.

Mkishakula mko mwendo mfupi tu kutoka Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Iingieni asubuhi hiyo hiyo kabla jua halijakaa kichwani. Watu wanaojitolea kukuongozeni nje ya lango, baadhi yao ni waongozaji wazuri wa historia, wengine lengo lao ni kukufikisheni kwenye mkahawa unaowapa kamisheni. Historia ichukueni kwao, chakula mkitafute wenyewe.

Saa nne au saa tano mama atakuwa amechoka. Mpelekeni Jahazi Coffee House, barabara ya Ndia Kuu. Kuna kivuli, mito ya kuegemea, kahawa na chai ya viungo, na hakuna anayekufukuza. Nakushauri pia jambo ambalo orodha hazisemi: ukisafiri na mtu mzima mwenye sukari, panga njia yako kwa vyoo safi. Mji wa Kale una vibaraza vingi vya chakula kizuri ambavyo havina choo cha mteja. Kila mnapokaa mahali penye choo, mama apite hata kama hajisikii haja.

Sasa mchana. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa maana huu ndio mlo mliousafiria. Muwe mmekaa mezani saa sita na nusu, saa saba ikichelewa sana. Katika mikahawa ya Waswahili ndani ya Mji wa Kale na kandokando yake, hapo ndipo sufuria linafunuliwa. Jinsi ya kuchagua mkahawa ni hii: simameni nje dakika chache mtazame wanaobeba. Mahali ambapo wafanyakazi wa maduka ya jirani wanatuma watu na vyombo kuchukua chakula, chakula kinaisha kila siku, na kinachoisha kila siku hakilali. Mahali penye menyu ndefu ya kurasa nyingi, yenye pizza, biriani, wali wa Kichina na samaki wa kupaka kwa pamoja, mimi huwa na wasiwasi napo. Jiko haliwezi kuwa na haya yote yakiwa mabichi. Mengi yako kwenye friji.

Nimepikia arusi za huku maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo niruhusu nikuambie cha kuangalia sahani ikifika. Pilau hupata rangi yake ya hudhurungi kutokana na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikaiva sawasawa, pamoja na supu ya nyama. Haipati kwa bizari manjano wala kwa rangi ya dukani. Punje ziachane, na uone bizari nyembamba nzima, mdalasini, iliki na pilipili manga kwa macho yako. Ikiwa ya njano, hiyo ni wali uliotiwa rangi. Biriani ni kazi nyingine. Wali hupikwa peke yake, na rojo la nyama hupikwa peke yake kwa maziwa lala, nyanya, kitunguu cha kukaanga, kitunguu saumu na tangawizi, na wapishi wengi hutia papai bichi ili nyama ilainike. Kwa Waswahili vinakutana sahanini. Rojo likiletwa jekundu la maji maji, nyanya imetumika kujaza nafasi ya vitunguu, kwa sababu vitunguu vya biriani ni vingi, vina machozi na vina gharama. Rojo la haki ni zito, mafuta yamejitenga kidogo pembeni, na nyama inaachia mfupa bila kuvutwa.

Msiagize sahani nne. Sahani zetu ni kubwa, na mtashindwa kuonja vingine. Chukueni pilau moja, biriani moja, na samaki mmoja, viwekwe katikati mle pamoja. Kachumbari, ndizi mbivu na pilipili ya kusaga huja pamoja na chakula. Pilipili iombeni iwekwe kando kwa ajili ya kijana.

Kuhusu samaki kuna jambo la msimu. Agosti ni wakati wa Kusi, upepo wa msimu utokao kusini. Upepo ukiwa mkali bahari inachafuka, na vyombo vidogo vya wavuvi wetu haviwezi kutoka nje ya mwamba siku zote. Samaki wabichi hupungua na bei hupanda, na wengine hutoa waliogandishwa bila kusema. Kwa hiyo uliza, bila haya: leo kuna samaki gani aliyeingia? Mwenye samaki atakutajia jina, tafi, changu, kolekole, nguru. Asiye naye atakujibu "samaki yupo." Ukiruhusiwa kumtazama, macho yawe angavu yamejaa, mashavu yawe mekundu ndani, na harufu iwe ya bahari. Kama hakuna wa kueleweka siku hiyo, kuleni pweza wa nazi, au mwache samaki kabisa na mle nyama. Si dhambi kutokula samaki Mombasa wakati wa Kusi.

Akipatikana, muombeni awe wa kupaka. Huchomwa kwanza kwenye makaa, kisha hupakwa tui zito lililopikwa kwa kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, bizari manjano na ukwaju au ndimu, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Hiyo si kazi ya dakika kumi. Anayekuletea samaki wa kupaka mara tu umeagiza, amemchoma asubuhi na kummwagia mchuzi. Njia ya kulimaliza hili ni kupita kwenye mkahawa saa tatu au nne mkielekea Fort Jesus, mwagize, mseme mtakuja saa sita na nusu, na muache malipo kidogo wakiomba. Wenyeji hufanya hivyo hivyo wakiwa na wageni. Na samaki mzima au kamba akiuzwa kwa uzito, apimwe na bei itajwe kabla hajagusa moto. Malalamiko mengi ya kulanguliwa ninayoyasikia yanaanzia hapo, kwenye mzani ambao mteja hakuuona.

Baada ya hapo rudini Nyali mkalale. Jua la mchana na biriani havitembezwi.

Jumamosi jioni nawapa njia mbili, na mke wako ndiye achague. Ya kwanza ni hiyo ya kuvaa vizuri. Mko Nyali, na Tamarind iko upande huo huo, juu ya maji, inatazamana na bandari ya kale na nyumba za Mji wa Kale ng'ambo. Ni ghali, nakuambia mapema, na sifa yake kubwa ni vyakula vya bahari kwa mtindo wa mahoteli ya kitalii, si chakula cha nyumba ya Mswahili. Lakini mandhari yale ni ya kweli na huduma ni ya watu wanaojua kazi. Mkienda, wekeni nafasi kwa simu, na mfike kabla ya magharibi, kwa maana giza likiingia mnachokilipia kwa sehemu kubwa hakionekani tena. Wapo wanaokwenda kwa kinywaji na kiamsha hamu tu, wakaangalia jua likizama, kisha wakala mlo mkubwa mahali pengine. Sioni aibu yoyote katika hilo, na kwa familia yenye bajeti ningeshauri hivyo.

Njia ya pili ndiyo mimi ningeichagua. Vukeni tena baada ya alasiri, rudini mitaa ile ile ya asubuhi muione imegeuka. Sasa ni zamu ya viazi karai, vilivyovishwa unga wa dengu na kukaangwa, vikaliwa na chatne ya ukwaju au ya nazi. Bajia za kunde. Mishikaki kwenye makaa. Nunueni kidogo kidogo kwa watu mbalimbali, mkila mkitembea. Baada ya isha kaeni mnywe kahawa tungu. Inamiminwa kutoka kwenye dele la shaba kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, haina sukari, na pembeni huliwa haluwa, tende au kashata. Vijiwe vingi vya kahawa usiku ni vya wanaume. Mke wako na mama hawatafukuzwa, ila watajisikia vizuri zaidi mahali penye meza na familia, kwa hiyo chagueni hapo. Na kabla ya kumpiga mtu picha na karai lake, muulize.

Sasa mama. Mimi ni mpishi, si daktari, kwa hiyo dawa na vipimo aongee na kliniki yake kabla ya safari, hasa awaambie kwamba saa za kula zitabadilika na atatembea kuliko kawaida. Ninachokijua mimi ni sukari imejificha wapi katika chakula chetu. Mahamri yana sukari ndani ya unga. Chai ya mkahawani mara nyingi huja imeshatiwa, kwa hiyo aseme "chai bila sukari" kabla haijamiminwa. Juisi za ukwaju, embe na pasheni kwa kawaida hutiwa sukari kwenye pipa lenyewe asubuhi, na ukiomba isiyo na sukari utaambiwa ipo kumbe ni ile ile; anywe maji, au juisi iliyosagwa mbele yake. Hata dafu lina sukari yake ya asili, kwa hiyo anywe nusu, kijana amalizie. Kaimati, haluwa na mabuyu ayaonje kwa ncha ya kidole ikiwa lazima.

Upande wa pili, huku kuna vitu vizuri kwake. Bakuli la mbaazi na nusu ya hamri ni chakula bora kuliko mahamri matatu na chai. Samaki wa kuchoma, kuku wa tika, mishikaki, mchicha wa nazi, kachumbari: ale hivyo kwa wingi, na wali uwe robo ya sahani. Jambo la hatari zaidi kwa mwenye sukari safarini ni kuchelewa kula akiwa ameshameza dawa au kudunga sindano. Ndiyo maana nilisema ale ndani ya treni Ijumaa. Msimwambie "subiri tufike tule biriani" huku saa zikienda. Mkoba wake uwe na biskuti na kitu kitamu cha dharura iwapo sukari itashuka: akitokwa jasho jembamba, akatetemeka au akaanza kuchanganya maneno, apewe kitu chenye sukari hapo hapo, mengine yafuate.

Kuhusu tumbo, kanuni yangu ni moto. Kinachotoka kwenye mafuta au makaa mbele ya macho yenu, hata kiwe cha kando ya njia, kina usalama kuliko wali uliokaa vuguvugu kwenye sinia tangu mchana. Kachumbari na matunda yaliyokatwa huoshwa kwa maji ya mahali hapo, kwa hiyo kuleni pale mnapoona usafi, na matunda ya njiani yawe ya kumenywa. Maji ya bomba ya Mombasa msiyanywe; nunueni ya chupa na mtazame kifuniko kama hakijafunguliwa. Barafu ndani ya juisi muulize imetoka wapi, na jibu likisitasita, bila barafu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada, kwa sababu mtakula kwa mkono, na wali wetu kwa mkono ndio wenyewe.

Kijana wa miaka saba kwa kawaida hashindwi na chakula chetu ila pilipili. Sambusa na katlesi za huku zinaweza kuwa kali ndani hata kama nje hazionyeshi, kwa hiyo mzazi aonje kwanza.

Pesa. Karibu kila mahali, hata kwa mama wa mahamri, mtalipa kwa M-Pesa. Someni jina la anayelipwa linapotokea, na kama halifanani na biashara mliyokaa, ulizeni. Hata hivyo bebeni noti ndogo za 50 na 100, kwani mtandao ukikwama saa moja asubuhi hakuna mwenye chenji ya elfu. Kwenye mikahawa ya risiti mtaona kodi ya VAT ya asilimia 16, na kwa wengi tozo ya utalii ya asilimia 2. Bei ya menyu iwe imeshabeba hayo, na mkiona yameongezwa juu ya bei iliyoandikwa, mna haki ya kuuliza kabla ya kulipa. Bahashishi si lazima. Kijana aliyewahudumia vizuri siku yenye watu wengi, mpeni mkononi mwake. Tuktuk kubalianeni bei kabla ya kupanda, na mseme mko wanne, kwa kuwa viti vya nyuma ni vitatu na kijana atapakatwa.

Hamkuniuliza, ila nitasema: mikahawa ya Nyali kwenye maduka makubwa ni mizuri na ina viyoyozi, lakini chakula chake kingi mtakipata hata Nakuru. Tumieni huko kwa siku ambayo mtu ameamka hajisikii vizuri na anataka supu na mkate tu.

Jumapili ndiyo inayowatega wageni. Treni ya alasiri inaondoka Miritini saa tisa, na mnatakiwa muwe mmefika mapema kwa ukaguzi wa mizigo. Hesabu yangu ni kwamba saa sita na nusu muwe mmeshaanza safari ya Miritini, hasa mkitokea Nyali. Maana yake ni kwamba hamna mlo wa mchana Jumapili. Wengi hulazimisha, wanakaa mkahawani saa tano na nusu wakimhimiza mpishi afunue sufuria ambalo halijaiva, wanakula wali wenye kiini, na wanafika stesheni wakihema. Badala yake, pelekeni mlo wote kwenye asubuhi. Saa mbili kuleni kifungua kinywa kizito, safari hii chapati au mkate wa mofa kwa maini ya kukaanga au supu ya mbuzi, na mbaazi kwa mama. Mji wa Kale haulali Jumapili, vibaraza vya asubuhi huwa wazi.

Baada ya hapo piteni Marikiti, soko lililo barabara ya Digo, mnunue viungo vya pilau. Chukueni vizima, mkasage nyumbani, kwa kuwa iliyosagwa tayari huwezi kujua imechanganywa na nini wala imekaa tangu lini. Haluwa nunueni dukani inakotengenezwa, muonjeshwe kabla ya kupimiwa. Iliyofungwa vizuri inafika Nakuru salama bila friji.

Na chakula cha njiani kifungwe asubuhi hiyo hiyo: mahamri makavu, mkate wa sinia, mayai ya kuchemsha, kachri (krispi), ndizi, maji ya kutosha. Vya nyama, kama sambusa au mkate wa mayai, viliwe mapema ndani ya treni, visingojee giza. Pilau na kitu chochote chenye tui la mchuzi msifunge kabisa, hata kama kimebaki kingi na kinawauma kukiacha. Mkifika Nairobi usiku, kitakuwa kimeshachacha ndani ya chombo.